Buibui Mwenye Miguu Myekundu

Jamani, leo sina uso wa kutoka nje.

Jana binamu yangu kaniletea zawadi kutoka Tanga: buibui (mdudu, si la kuvaa) mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja changu. Nlimpenda palepale. Mama, mwenye nyumba yake hapa Amani, hakumpenda hata chembe. "Simjui jina, sijui kama ana sumu. Kesho ikifika alasiri uwe ushaniambia ni nani, ama atoke."

Nkamhamishia kwenye ndoo ndogo niliyoikuta jikoni, nkamtandikia makumbi ya nazi yaliyoloa, kama wanavyoshauri wafugaji wenzangu wa buibui. Leo asubuhi nafunua kifuniko, lahaula! Nyayo zote nane nyekundu, za kupendeza. Nkapekua picha mtandaoni mpaka macho yakaniuma. Hakuna wa hivi. Basi nkajua nimepata aina mpya duniani. (Biolojia skuli nlifeli, lakini leo nani ananiuliza?)

Nkamshika nkampiga picha, nkaituma kwenye kundi letu la wafugaji: "Ndugu zangu, aina mpya hii. Na jina nshampa, la kwangu mwenyewe." Kisha nkamwita Mama aje ashuhudie.

Mkuu wa kundi, mzee mmoja wa Dar, akajibu kwa ujumbe wa sauti. Nami kwa maringo nkaufungulia mbele ya Mama, sauti juu kabisa: "Hongera, binti. Ila huyo ni buibui wa mashimoni, wamejaa tele huko Tanga, na sumu yake haiui mtu. Sasa na wewe ni aina gani? Mbona kidole chako kwenye picha kina rangi hiyohiyo?"

Nkatazama kidole changu. Mama akatazama ndoo.

"Hee, si ndoo niliyorowekea hina ya harusi ya dada yako hii?"

Ndiyo yenyewe. Hina ilibaki chini, mimi nkaja nkaichanganya na makumbi mabichi, na mgeni wangu kalala anaikanyaga. Nlitamani ardhi inimeze.

Nkasubiri tufukuzwe sote wawili. Mama kacheka mpaka kakaa chini, akajifuta machozi kwa kanga. "Ah, keshatiwa hina, ntamtoaje? Bibi harusi hatoki nje mpaka fungate yake iishe."

Kundi zima linanicheka mpaka sasa hivi. Chekeni tu. Buibui wangu yumo ndani, na fungate ikikaribia kwisha, nampaka tena.