Makaroni ya Longino na Kura ya Mkaa

Redio asubuhi ile ilikuwa imetangaza kwamba mwanamume anayempikia mkewe anaishi miaka mingi zaidi. Nestory ndiye aliyeifikisha habari hiyo kwenye benchi la kahawa la Sabina, pale Kirumba. Habari zote huanzia kwake, ndiyo maana wanamwita Mnara.

"Basi Longino hafi kabisa," alisema. "Mwangalieni."

Longino fundi saa alikuwa amechuchumaa mlangoni kwake, hatua mbili kutoka benchi, akikata karoti. Hakucheka. Mkewe, Kokushubira, alirudi Alhamisi kutoka Muleba alikokwenda kumzika mama yake, na tangu hapo alikuwa anakunywa chai tu, amegeukia ukuta. Aliletewa sato, akaletewa ndizi, sahani zikarudi kama zilivyokwenda. Jana ndipo Longino alipoyakumbuka makaroni ya kuoka na mboga, ambayo mkewe aliyala kwa masista alipokuwa anajifunza kushona, na mpaka leo huyasimulia. Akiyakataa na haya, Longino hakujua angeshika wapi.

"Nshomile," aliita Mzee Shigela, maana kwake kila Mhaya ni msomi. Yeye walimwita Zizi, kwa ajili ya ng'ombe wake ambao hakuna aliyewahi kuwaona. "Hayo matundu yametobolewa na mdudu?"

"Ndivyo yalivyo, mzee."

"Kwetu chakula chenye tundu kinarudishwa dukani."

"Kwenu mnarudisha na mwenye duka," alisema Sabina, akimmiminia kahawa. "Mwache mtu apike."

"Na oveni iko wapi?" aliuliza Mnara.

"Sufuria," alijibu Longino. "Kama keki ya kipaimara."

Akapanga makaroni, karoti, hoho na mchicha, akamwagia rojo la maziwa, unga na mayai, akanyunyizia jibini, akafunika. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Mkaa mwingi juu ya mfuniko," alisema Sabina. "Chini weka wa kuhesabu."

"Mama, lini umeona moto unapikia juu?" alisema Zizi. "Jua liko juu miaka yote, limeshaivisha ugali?"

"Limekausha dagaa wa soko zima la Mwaloni, na wewe likakukausha."

"Tupige kura," alisema Mnara.

Wakapiga. Longino hakunyoosha mkono, wakamhesabu hivyo hivyo upande wa Zizi. Watatu kwa mmoja. Mkaa wote ukaenda chini, na Zizi akaupepea mwenyewe kwa kofia yake.

Haukupita muda, moshi ukaanza kuingia dirishani.

Kokushubira akatoka, kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani ameweka moto huu?"

Zizi akageukia ziwani, kama mtu anayengoja meli ya Nansio. Kokushubira akaishika sufuria kwa pindo la kanga, akaiepua, akafunua. Juu kulikuwa kweupe, rojo linatetemeka. Chini kumeshika, kweusi.

"Baba Sharon, unaoka au unachoma tofali?"

"Wazee walipiga kura," alisema Longino kwa sauti ndogo.

"Masista walikuwa wanaweka moto juu."

"Nilisema mimi," alisema Sabina.

Kokushubira akachukua kijiko ayakwangue ayamwage. Kikakwangua chini, kikatoka na ukoko wenye karoti iliyokolea sukari yake kwa moto. Akautazama. Akautia mdomoni. Benchi zima likaacha kunywa.

"Hamna chumvi," alisema.

"Nilete?"

"Si ulete, unangoja kura?"

Longino akakimbia ndani. Aliporudi, mkewe alikuwa ameketi kizingitini, sufuria mapajani, anakwangua na kugomba: karoti imekatwa kama ya sungura, mchicha haukuoshwa vizuri, na mfuniko huu nani kaupinda. Kila neno lilipotoka, tonge liliingia.

Sabina akaanza kukusanya vikombe.

"Kahawa imekwisha," alisema.

"Birika limejaa hilo," alisema Mnara.

"Nimesema imekwisha. Nyanyukeni."

Wakanyanyuka. Zizi alipopita kwa Longino, akamwinamia sikioni.

"Kesho unguza tena."