Muhuri wa Pembeni

Uvumi wenyewe niliusikia kwenye foleni ya tofu, ile jibini ya soya, na tangu siku hiyo haujanitoka kichwani: kwamba yule bwana wa glavu nyeupe ameonekana tena, mkoa wa jirani, safari hii anakusanya pikipiki. Wengine wanasema si yeye. Wengine wanasema ni yeye ila amenenepa. Mimi sijui. Nina mtoto anayeendesha gari kwa ubavu kila Jumapili, mchezo wanaouita drifti, na mwenye mtoto wa namna hiyo hapuuzi uvumi, hata ukitoka kwa muuza tofu anayejulikana kwa kuongeza chumvi. Basi naandika kisa chote, asije mtu akasema hakuambiwa.

Bwana huyo anaitwa Kusakabe. Mwaka juzi, wakati wa kupanda kabichi, aliingia mji wetu wa Kuromata kwa bahati mbaya. Alikuwa anatoka mji wa pwani, ambako aliwauzia watu viwanja vya kuzikia paka, na viwanja vyenyewe vilikuwa maegesho ya duka la mtu mwingine. Aliona ni vizuri apite njia za milimani. Njaa ikambana, akasimamisha sedani yake nyeusi inayong'aa mbele ya mgahawa wa tambi.

Meza ya pili walikaa vijana wawili wenye masizi ya tairi puani.

"Wale wa ligi kubwa wanabadilisha tairi kila mzunguko," alisema mmoja. "Sisi tunabadilisha waya zikianza kuonekana."

"Zikianza? Za kwako zimeshaota kutu."

"Ngoja nipate mdhamini."

"Mdhamini wako ni mama yako, na amechoka."

Kusakabe akaacha kuvuta tambi. Hapo ndipo njaa yake ilipohama tumboni ikapanda machoni.

Aliwafuata hadi kwenye kiwanja chao, kipande cha lami nyuma ya mashamba ya kabichi, ambapo zamani watu wa kuteleza kwenye theluji waliegesha magari. Mtu wa kawaida angeona chuma chakavu: mlango mwekundu kwenye gari jeupe, bampa limeshonwa kwa kamba za plastiki kama kidonda. Kusakabe hakuwa mtu wa kawaida. Aliona magari sita ya zamani, yanayosukumwa na tairi za nyuma, ya aina ambayo viwanda viliacha kuitengeneza na watu wa ng'ambo wanaitafuta kama dawa.

Akavaa glavu nyeupe. Kwetu anayevaa glavu nyeupe ni dereva wa teksi, mgombea wa uchaguzi au mtu wa mazishi, na wote watatu tumezoea kuwatii.

"Nani mwenyekiti hapa?" aliuliza kwa upole.

Mwenyekiti alikuwa Isamu, fundi wa mapaa, mtu mzima wa miaka thelathini na moja. "Mimi. Kama ni malalamiko ya kelele, jina lako andika pale, uko wa kumi na nne."

"Si malalamiko, ndugu yangu. Mimi ni Mkurugenzi wa Maendeleo ya Mashinani, Ligi Kuu ya Drifti ya Milimani."

Ligi hiyo wakati huo ilikuwa na umri wa dakika kumi na mbili.

Akawaambia kwamba mchezo huu ulizaliwa kwenye kona za milima kama hii, kisha wenye pesa wakaubeba wakaupeleka kwenye viwanja vya majukwaa na matangazo, na waliouzaa wakabaki wanafunga bampa kwa kamba. Ligi yake imeona aibu. Inataka kuleta mashindano ya kulipwa hapahapa Kuromata, na inahitaji magari sita ya wenyeji. Jambo moja tu: yatapelekwa kiwandani siku kumi, yakaguliwe, yawekewe fremu za usalama, yarudi yamekuwa ya kitaaluma.

Na nikisema haki, maneno yenyewe yalikuwa ya kweli karibu yote. Mwongo hodari hapiki uongo mtupu, anautia kwenye wali.

"Sisi tunacheza," Isamu alisema. "Wale wanafanya kazi. Mimi kazi ninayo."

"Sema kwa nafsi yako, kaka," alisema Chinatsu.

Chinatsu alikuwa na miaka ishirini na minne, kazi yake kuogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na gari lake Silvia ya kijivu. Aliinunua bila injini kwa mzee aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Akaiunda kipande kwa kipande miaka sita. Mama yake alikuwa akiiombea ajali ndogo, isiyoumiza mtu, ya kuliua gari tu. Sisemi ni mama gani.

"Mimi nataka kujua kama najua," Chinatsu aliendelea. "Hapa nikipita karibu na ukuta mnanipigia makofi kwa sababu mnanipenda. Nataka jaji asiyenijua aniambie nilikuwa mbali kwa kiganja kimoja."

Kusakabe alimtazama kama mvuvi anavyotazama samaki aliyejileta mwenyewe kwenye ndoo. "Dada," alisema, "ligi inakutafuta wewe."

Jumapili iliyofuata alileta karatasi. Ziliandikwa wazi kabisa: mwenye gari anaiazima ligi gari lake kwa siku kumi. Kila mmoja alete muhuri wake uliosajiliwa halmashauri, ule ambao kwetu ndio sahihi ya mtu, na cheti chake. Wakapiga muhuri chini, wino mwekundu, safi. Kisha Kusakabe akaelekeza kidole cha glavu kwenye ukingo mtupu wa juu.

"Na hapa pembeni."

"Wa pembeni wa nini?" Isamu aliuliza.

"Kosa la kuandika, ndugu yangu. Nikikosea herufi moja, nirekebishe mwenyewe, nisikusumbue ushuke kwenye paa la mtu."

Hapa msitucheke. Kila mtu kwetu amepiga muhuri wa pembeni: benki, shuleni, kwa watu wa gesi. Mwenye karatasi anaonyesha, wewe unapiga. Kuuliza ni sawa na kumhesabia mgeni vijiti vya kulia kabla hajaaga. Basi wote sita wakapiga, na wengine wakaomba radhi kwa kuwa muhuri ulikaa upande kidogo.

Mtu mmoja tu hakupenda. Huyo ni Bibi Orie, miaka sabini na minane, ambaye katika kontena la langoni hutoa vibali vya kuingia na kutoka, na hapohapo huuza supu ya nguruwe na miso, rojo la soya. Watu walidhani ni kiziwi. Alikuwa kiziwi sikio la kushoto tu, lile la upande wa barabara.

"Chinatsu, nakala yako iko wapi?"

"Mkurugenzi atatuletea, bibi."

"Na pembeni mmepiga?"

"Tumepiga."

"Ahaa," alisema Bibi Orie, akaendelea kukata figili.

Kabla ya supu, alikuwa karani wa mwandishi wa hati kwa miaka thelathini na moja. Alijua kwamba katika maandishi yetu kutoka "kuazima" hadi "kuuza" ni herufi mbili tu. Angepiga kelele siku ile, Kusakabe angeondoka na karatasi mkobani na kuzipeleka ofisi ya kusajili magari. Kwa hiyo hakupiga kelele. Alikata figili nyembamba sana, wakamsifu.

Jumapili ya tatu lori la kubebea magari likapanda mlima. Dereva wake, Bwana Tokoro, alikuwa mtu wa kukodiwa, mnyofu, asiyejua lolote. Akapakia gari moja moja mpaka Silvia ikawa ya mwisho, juu kabisa nyuma. Chinatsu alisimama chini yake ameshika kitambaa, kama mtu anayesindikiza treni.

Kusakabe alikuwa na haraka. Bibi Orie akatoka kontenani na fomu.

"Mkurugenzi, samahani. Fomu ya lango."

"Bibi, nitapiga nikirudi."

"Eh?"

"NIKIRUDI."

"Ndiyo, hapo hapo. Magari sita yakitoka, anayeyatoa anaacha gari lake rehani mpaka yarudi. Ni utaratibu tu. Uwanja wetu wa mashinani, lakini fomu ni fomu. Bila kibali Bwana Tokoro hapiti."

Kusakabe akaisoma yote, maana tapeli ndiye msomaji makini kuliko wote. Akapiga hesabu. Sedani moja, ambayo nayo aliipata kwa njia ya kuzungukazunguka, kwa magari sita. Hata mtoto wa chekechea angepiga muhuri. Alikuwa nao mkobani, ule uliosajiliwa, tayari kwa safari yake ya kesho ofisi ya magari. Akapiga chini.

"Na hapa pembeni," alisema Bibi Orie. "Macho yangu haya, nikikosea kuandika nisikusumbue."

Nimeambiwa mkono wake ulisita kidogo. Lakini injini ya lori ilikuwa inanguruma, bibi alikuwa anatabasamu bila meno mawili, na yeye mwenyewe kwa miaka kumi alikuwa akifundisha watu kwamba muhuri wa pembeni si kitu. Akapiga.

Bibi Orie akarudi kontenani. Akachukua rula, akapiga mistari miwili juu ya "yatoke nje", akaandika juu yake "yabaki ndani". Pembeni, kando ya ule muhuri mwekundu, akaandika kama alivyoandika maelfu ya mara: herufi mbili zimefutwa, herufi mbili zimeongezwa. Kisha akampelekea Bwana Tokoro dirishani.

Bwana Tokoro akasoma, akazima injini, akashuka na kuanza kufungua minyororo.

"Unafanya nini wewe?" Kusakabe alimkimbilia.

"Nashusha."

"Nani kakwambia ushushe?"

"Karatasi. Magari sita yabaki ndani. Muhuri wako huu hapa. Mimi, bosi, nabeba karatasi, magari yananifuata tu."

Kusakabe akainyakua, akasoma, akawa mweupe kushinda glavu. "Huyu bibi amebadilisha."

"Nimesahihisha," alisema Bibi Orie.

"Muhuri wa pembeni ni wa makosa ya kuandika. Hauwezi kugeuza maana ya karatasi."

"Sema tena, mwanangu, upande huu sisikii."

"Nasema muhuri wa pembeni hauna nguvu ya kugeuza maana."

Alisema kwa sauti ya kutosha kiziwi. Wote walikuwa wamesogea.

"Kumbe," alisema Isamu polepole. "Basi tuletee na zetu, tuone kama zina makosa ya kuandika."

Kusakabe akakumbatia mkoba.

"Bwana mkurugenzi usiogope," alisema Bibi Orie. "Chagua unalotaka. Kama muhuri wa pembeni una nguvu, magari yanabaki. Kama hauna, karatasi zao ni za kufungia viazi, na magari yanabaki. Askari wa kituo anapanda kunywa supu saa sita kamili. Sasa hivi ni saa sita kasoro dakika ishirini. Anaweza kutuamulia, ana kipaji cha kusoma taratibu."

Mkoba ukafunguka. Chinatsu akachukua ya kwake. "Kuazima" imepigwa mistari, juu yake "kuuza", na pembeni, kando ya muhuri wake mwenyewe, mwandiko mzuri sana: herufi mbili zimefutwa, herufi mbili zimeongezwa.

Hakupiga kelele. "Ndani ya Silvia mlikuwa na manyoya ya kuku mpaka kwenye spika," alisema. "Niliyatoa kwa kijiti cha meno, miezi miwili." Kisha akaichana mara nne na kutia vipande mfukoni, maana pale uwanjani kutupa taka ni marufuku.

"Haya," Kusakabe alisema, akijaribu kutabasamu. "Tumetaniana. Naomba gari langu."

Bibi Orie akavaa miwani. "Umesema mwenyewe masahihisho hayana nguvu. Basi tunarudi kwenye fomu ya asili. Gari ni rehani mpaka magari sita yarudi."

"Si haya hapa?"

"Haya hayajarudi. Haya hayajaondoka. Kisichoondoka kitarudije?"

Watu wanasema alisimama dakika nzima akitafuta tundu kwenye maneno hayo, kwa heshima, kama fundi mbele ya kazi ya fundi mwenzake. Hakulipata. Saa ilikuwa inakwenda. Akavua glavu, akateremka kwa miguu kuelekea stesheni. Bibi Orie alimkimbilia na matonge mawili ya wali yaliyofungwa mwani, maana njia ni ndefu. Akamwomba apige muhuri wa kupokea. Inasemekana hapo ndipo alipoanza kukimbia.

Sedani hakuirudia. Ina nguvu nyuma, mkia mzito, inafaa kabisa kwa anayeanza. Watu kumi na wanne wamejifunzia kuserereka humo, akiwemo mume wa muuza tofu, na bampa lake sasa limeshonwa kwa kamba za plastiki. Isamu ameandika mlangoni: Maendeleo ya Mashinani. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mkurugenzi alitimiza ahadi.

Chinatsu mwaka huu ameomba leseni ya ligi, ligi ya kweli. Fomu ilikuwa na nafasi pembeni. Akauliza ya nini, karani akanuna, Chinatsu akaiacha tupu. Leseni ikaja vilevile. Jaji asiyemjua akamwambia alikuwa mbali na ukuta kwa viganja viwili. Alirudi nyumbani anacheka, na mama yake hajalala vizuri tangu hapo.

Kama kweli ni yeye aliye mkoa wa jirani, basi wenye pikipiki, na mama zao, haya ndiyo ya kuepuka:

Usipige muhuri wa pembeni. Ukionekana huna adabu, vumilia.

Usiondoke bila nakala yako mkononi. "Nitakuletea" si nakala.

Usitoe muhuri uliosajiliwa na cheti chake siku moja kwa mtu mmoja.

Usimpe gari mtu anayejua bei yake kuliko wewe na kulisifu kidogo kuliko wewe.

Usimwamini mtu kwa glavu.

Usiendeshe na tairi zinazoonyesha waya. Hili halimhusu Kusakabe, ni la kwangu.

Na kama ni wewe Kusakabe unayesoma, ukikuta uwanja wenye bibi anayeuza supu na hasikii vizuri, pitiliza.