Mimi na Otília Mbele ya Kamera

Jumatano, 1 Februari 1984
Tumeitwa! Televisheni, Bratislava, mashindano ya nyimbo, Jumamosi hii, moja kwa moja hewani. Miaka yote mimi na Otília tumeimba kwenye harusi za hapa Žilina, watu wakitafuna kabichi na kutugeuzia mgongo. Sasa nchi nzima itatuona. Yaani, itaniona. Otília naye atakuwepo. Kasema tukishindwa anaacha muziki kabisa, anabaki na kazi yake ya kuoka mikate. Nikamwambia asihofu, nina mbinu. Ndipo akahofu.

Alhamisi, 2 Februari
Mbinu ya kwanza imekwenda vizuri. Nimefika studio na chupa ya slivovica, pombe kali kaipika baba mwenyewe kwa plamu za bustani yetu, pamoja na bonge la jibini ya kondoo. Vyote kwa Imrich, mpiga kamera. Ombi langu dogo tu: kamera isibanduke usoni pangu. Akanusa chupa, akafumba macho. "Bwana mwimbaji," akasema, "hata ukipiga chafya, nchi nzima itakuombea afya." Muungwana!

Ijumaa, 3 Februari
Mazoezi. Aibu tupu. Sauti ya Otília imejaa ukumbi mzima, yangu imejikunyata chini yake kama kifaranga. Fundi wa sauti kamsifu yeye hadi akakaukiwa mate. Mimi kaniuliza kama nina mafua.

Basi, mbinu ya pili. Wenzangu walipokwenda kunywa supu ya maharage, nilirudi jukwaani peke yangu nikalegeza waya wa kipaza sauti cha kulia. Cha Otília. Si kuukata! Mimi si mhuni. Kuulegeza tu, sauti yake ipungue kidogo, yangu ipate kupumua.

Jumamosi, 4 Februari
Tumesimama jukwaani, taa zimewaka, Otília ananiambia tubadilishane upande, taa inamchoma macho. Nikakataa. Nikasema upande wa kushoto una baraka zangu. Akanisukuma kwa nyonga. Mwoka mikate ana nyonga! Muziki ukaanza.

Nikafungua kinywa. Kimya. Kipaza sauti kimekufa kifo cha ghafla. Na Imrich, muungwana yule, hakubandua kamera hata kidogo: jasho langu, kope zangu, mdomo unaopanuka kama wa samaki sokoni, vyote kwa nchi nzima.

Otília akaimba ubeti wake. Akaimba na wangu. Kisha akanikamata tai, akanivuta kwenye kipaza sauti chake, shavu kwa shavu, na huku anatabasamu akaninong'oneza, "Imba, mjinga wewe, la sivyo nakung'ata sikio!"

Nikaimba! Sijawahi kuimba vile maishani. Sauti zetu zikashikana kama unga na maziwa. Ukumbi mzima ukasimama. Mama mmoja wa safu ya mbele akalilia ndani ya kofia yake.

Alhamisi, 9 Februari
Kadi za kura za watazamaji zimehesabiwa. Sisi ni wa kwanza! Zimekuja kwa magunia. Wanasema hawajaona kichekesho kitamu kama kile cha bwana asiyetoa sauti akaokolewa na bibi. Wengine wanauliza harusi lini. Otília kacheka hadi akakaa chini. Kasema heri aolewe na tanuri. Kisha akanikumbatia, akalia, nami nikalia. Wenzake wa bekari ameshawaaga.

Fundi aligundua ule waya uliolegea, akaja kuniomba radhi. Nimemsamehe kwa moyo mweupe.

Jumapili, 12 Februari
Praha wanatutaka! Wanahabari watatupokea stesheni. Nimetafakari: ushindi huu umetokana na nini? Na mbinu zangu. Kwa hiyo nimemwambia Otília treni ni ya mchana, mimi nikapanda ya asubuhi. Nitapigwa picha peke yangu, kisha nitaeleza jinsi nilivyobuni kile kichekesho.

Behewa zima limenitambua! Nimetia saini hadi kwenye plasta ya mzee aliyevunjika mguu. Mkagua tiketi naye kanipa mkono, akaisoma tiketi yangu, akaisoma tena, kisha kwa huruma akaniambia treni hii inakwenda Košice, Praha tunazidi kuiacha nyuma.

Nikamjibu kwamba najua fika. Naanza na mashabiki wa mashariki.

Akaomba saini. Nimempa mbili.