Kukohoa kwa Niaba ya Picha

Milimani Ileje,
kwa lori la Tunduma,
Februari 1952.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Yahusu: Picha yangu ya baba iliyoangushwa kwa kusemwa kwamba haifanani

Shikamoo, Mheshimiwa. Nimeitanguliza shikamoo peke yake ili hapo mbele, nitakapokasirika, usije ukasema kijana huyu wa milimani aliingia bila salamu.

Mimi ni Lwitiko Jonasi, mwanafunzi wa uchoraji wa mwaka wa mwisho, yule uliyemkuta akichora punda kwenye meza ya kulia chakula. Muhula huu tumetumwa majumbani kwetu. Kila mmoja amchore mtu wa kwao, kisha aeleze kwa uaminifu alikusudia nini, alifanya nini na amejifunza nini. Mimi nimemchora baba yangu, Mzee Jonasi, kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake. Mwalimu Danford, anayetufundisha uchoraji, alipita hapa katika safari yake ya kukagua kazi zetu. Aliitazama picha, akaandika kwenye karatasi yangu: "Haifanani na mtu. Imeanguka." Kisha akaaga, akaondoka na mkungu wa ndizi tuliomzawadia.

Mheshimiwa, mkungu ule hatuudai. Alipewa kwa moyo mweupe. Lakini baba amekwisha kusema kwamba nikianguka nitapanda lori la Tunduma nimfuate kaka yangu Jairo kwenye migodi ya Rodesia. Mimi shimo naliogopa. Sisemi hivyo ili unionee huruma, nasema kwa sababu ni kweli, naliogopa mno. Kwa hiyo tafadhali soma polepole.

1. Nilichokusudia. Nilikusudia kumchora baba kama alivyo, amekaa, kofia kichwani, fimbo mkononi. Mama alikuwa ameupaka ukuta udongo mweupe kwa ajili ya Krismasi, nami nikaona ni dhambi ukuta kama ule kukaa bure. Nilitumia masizi ya chungu kwa rangi nyeusi na udongo wa kichuguu kwa nyekundu. Ili rangi ishike nilichanganya na utomvu wa mgomba. Kila aliyewahi kuchafua shati lake kwa utomvu huo anajua kwamba hautoki, hata mke afue mpaka alie. Mwalimu Danford ndiye aliyetufundisha kwamba kazi nzuri hudumu. Basi hii imedumu. Mvua ya Januari yote imeipiga, nayo imezidi kukolea. Naomba ulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

2. Jinsi nilivyokaguliwa. Mwalimu alipewa kiti chini ya picha, akapewa na chai. Baba alikaa kando yake, goti kwa goti, amevaa kofia ile ile. Mwalimu aliinua macho, akauliza kwa upole huyu aliyeko ukutani ni nani. Baba hakujibu. Alidhani ni swali la mtihani, na si adabu mzazi kumjibia mtoto mtihani wake. Mimi nami sikujibu, kwa sababu si adabu kumtaja baba mbele ya baba kana kwamba hayupo. Mwalimu akakichukua kimya chetu kuwa ushahidi! Nauliza kwa unyenyekevu: tangu lini watu wakaangushwa kwa kuwa na malezi mema?

3. Ushahidi kwamba picha inafanana. Wewe ni mtu wa pwani, Mheshimiwa, huenda mila yetu huijui. Huku kwetu mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, hamtazami baba mkwe wake. Hapiti mbele yake wala halitaji jina lake. Akimwona njiani hujifunika kitambaa usoni na kuingia migombani mpaka mzee apite. Baba mkwe mwenye adabu naye hukohoa kabla hajatokeza kwenye kona, ili wakamwana wapate nafasi ya kumkimbia kwa heshima. Ndivyo tunavyopendana.

Sasa sikiliza. Asubuhi ile nilipomaliza kupaka masharubu, shemeji yangu Tupokigwe, mke wa Jairo, alikuwa anatoka mtoni na mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Akaiona picha. Mheshimiwa, yule mwanamke alipiga yowe, mtungi ukaanguka ukavunjika, naye akatokomea migombani na mtoto wake, hata kitambaa hakuwahi kujifunika. Je, mtu huikimbia picha isiyofanana? Mwalimu Danford aliitazama picha hiyo hiyo akaendelea kunywa chai. Nani kati yao anamjua baba yangu zaidi?

4. Hakuwa yeye peke yake. Siku iliyofuata Sekela na Enesi, wake wa watoto wa baba mdogo, nao walifika, wakaona, wakakimbia. Hao hawakuvunja kitu, walikuwa wamejiandaa. Tangu hapo hakuna mkamwana anayepita mbele ya ukuta ule. Na njia ya kwenda kwenye mashamba ya ulezi inapita hapo hapo, kati ya ukuta na korongo, hakuna nyingine. Palizi imesimama. Nilijaribu kuifuta picha kwa maji, majivu na jani la msasa. Nilichofanikiwa kukitoa ni ngozi ya vidole vyangu. Mama hakukubali ukuta ubomolewe katikati ya masika, na katika hilo namuunga mkono kwa kuwa nyuma ya ukuta huo ndipo ninapolala.

5. Uamuzi wa wazee. Wazee walikaa baraza, likiongozwa na Mzee Sadoki, rafiki wa baba. Walibishana tangu ng'ombe walipotolewa mpaka waliporudishwa. Upande mmoja ulisema picha si mtu. Upande wa pili uliuliza, kama si mtu, mbona wanawake wanaikimbia? Basi ikaamuliwa kwamba picha ni baba mkwe na ipewe haki zake zote. Ikatundikwa mkeka wa kuifunika, ili wanawake wapate angalau kuchota maji. Wanawake wakatuma neno kwa mama kwamba baba mkwe aliyejificha nyuma ya mkeka ni wa kutisha kuliko aliye wazi, na kwamba hata huyo wa wazi ana kasoro moja kubwa: hakohoi.

Wazee wakakiri kwamba hilo ni kweli, wakauteremsha mkeka, vikabaki vigingi vyake. Baba mkwe asiyekohoa ni mtu mbaya. Na kwa kuwa picha haina kifua, na aliyeileta duniani bila kifua ni mimi, nikaagizwa nikohoe kwa niaba yake.

Mheshimiwa, mwanafunzi wako, aliyefundishwa vivuli na umbali, kazi yake sasa ni kukaa kwenye kigoda kando ya ukuta na kukohoa. Nakohoa mwanamke akitokeza upande wa mtoni. Nakohoa akitokeza upande wa zizi. Sauti yangu imekauka. Juzi nilipata mafua ya kweli, nikakohoa bila mpango wowote, na wanawake wote wa boma wakakimbilia migombani wakiacha vyungu vinaungua. Nilikaripiwa kwa kuchezea cheo cha baba.

6. Hali ya chakula. Kwa kuwa wakamwana hawawezi kwenda shambani, na ulezi hauwezi kungoja, baraza liliamua wazee wenyewe wapalilie. Naandika haya kwa heshima, hao ni wazazi wangu. Lakini mche wa ulezi na gugu lake vinafanana sana vikiwa vichanga, na kuvitofautisha ni kazi ambayo wanawake wamejifunza tangu utoto. Wazee wetu wanang'oa ulezi na kuyaacha magugu yakistawi vizuri. Mama anapita nyuma yao akiwaonyesha, anarudia kusema hili ndilo, lile silo. Mzee Sadoki alimjibu kwamba magugu ni magugu, na mgongo wake ndio unaojua. Jioni wanarudi wamekunjamana, wanaomba maji ya moto ya kukanda viuno. Baba aliniuliza kama wanawake hufanya kazi hii kila mwaka. Nilimwambia ndiyo. Akaomba maji mengine ya moto.

7. Baba na picha yake. Mwanzoni baba alifurahi. Alisema sasa anaweza kwenda kuwasalimu ndugu zake wa Tunduma huku heshima yake ikibaki nyumbani. Lakini siku hizi ana manung'uniko. Mzee Sadoki, ambaye macho yake yamechoka, aliusalimu ukuta, akangoja aitikiwe, hakuitikiwa, akarudi kwake amenuna. Baba alilazimika kwenda kumwomba radhi kwa kosa la picha. Zaidi ya hayo, nilimchora fimbo ikiwa mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulinishinda. Watu walipoanza kusema kwamba baba wa ukutani ndiye mwenye haiba zaidi, baba akahamishia fimbo kushoto. Sasa anajikwaa. Shingo pia ameirefusha kama ile ya ukutani. Mwalimu Danford alitufundisha kwamba picha imfuate mtu. Mimi nimefika mahali ambapo mtu anaifuata picha, na kwa maoni yangu hilo si somo la kuangusha mwanafunzi.

8. Nilichojifunza. Nimejifunza kwamba mchoraji asimalize masharubu asubuhi. Pia nimejifunza kwamba kazi ikishatoka mikononi si yako tena, inaanza kukutuma.

9. Maombi yangu. Kwanza, neno "Haifanani" lifutwe, kwa maji, majivu na jani la msasa ikilazimika. Pili, Mwalimu Danford arudi huku pamoja na mke wake. Tutampa mama huyo heshima ya kuwa mkamwana wa ukoo kwa muda wa juma moja, abebe mtungi apite ukutani. Asipokimbia, mimi nitapanda lori la Rodesia bila kulalamika. Tatu, chuo kiwaandikie wazee wa baraza, kwa muhuri, kwamba picha hii imekubaliwa kuwa inafanana, maana Mzee Sadoki ameanza kuuliza imekuwaje mwalimu mzima aliikana. Nne, naomba dawa ya kifua.

Nadhani umeona mwenyewe. Picha isiyofanana haiwezi kusimamisha palizi ya ukoo mzima, wala haiwezi kuwashikisha wazee jembe. Kama hiyo imeanguka, Mheshimiwa, basi sijui iliyosimama ikoje.

Nisalimie walimu wote, akiwemo Mwalimu Danford, ambaye sina kinyongo naye isipokuwa hiki nilichokiandika. Nisalimie mpishi, umwambie sitachora tena mezani. Nisalimie wenzangu wa darasa, na hasa Timotheo, kwa kuwa nasikia amechora mbuzi akafaulu. Hapa kwetu baba anakusalimu, mama anakusalimu, na picha nayo, kwa njia ya kifua changu, inakukoholea kwa heshima.

Ni mimi mwanafunzi wako, ninayengoja nikiwa nimekaa kwenye kigoda,

Lwitiko Jonasi

Nyongeza: Nilikuwa nikiifunga bahasha ya barua hii kwa ugali, na wazee wote wako shambani, alipokuja shemeji Tupokigwe. Hakujifunika. Nilianza kukohoa, akaniambia nipumzishe kifua. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, akatundika nepi ya mtoto kwenye kigingi cha mkeka, juu ya pua ya baba, kisha akaketi chini yake na kuanza kunyonyesha.

Nilimuuliza kwa hasira kama hamwogopi tena baba mkwe wake. Akacheka mpaka mtoto akaacha ziwa. Akanieleza kwamba siku ile ya mtungi alidhani ni fahali amevunja zizi. Zile nilizochora kuwa kingo za kofia, yeye aliziona pembe. Alipokuwa migombani akasikia watu wakisifu jinsi alivyomheshimu baba mkwe, na akasikia pia kwamba sasa hawezi kupita kwenda kwenye ulezi. Akatulia huko huko. Jioni akawapasha habari Sekela na Enesi. Enesi, kwa taarifa yako, mpaka leo anasema ni mti. Hata ile habari ya kukohoa waliipanga wao, ili kila kikohozi kiwakumbushe wazee kwamba picha ni baba mkwe, wasije wakabadili mawazo.

Nilimwambia kwamba wameniponza, kwamba nitakwenda shimoni. Hapo hakucheka. Alimfunika mtoto, akasema: "Shemeji, tangu Jairo aende migodini, huyu mtoto nimemlea mgongoni, nimeinama. Uso wake nilikuwa siujui vizuri. Ukuta wako ndio ulionikalisha chini nikamtazama."

Mheshimiwa, kwa hiyo Mwalimu Danford yuko sahihi. Haifanani na mtu. Naomba maombi yangu ya kwanza na ya pili uyafute, na alama yangu ibaki kama ilivyoandikwa. Lakini ombi la tatu nakupigia magoti. Waandikie wazee, na muhuri uwe mkubwa, kwamba inafanana sana, na kwamba wasiifute wala kuikana mpaka mavuno yaishe. Kama chuo hakiwezi kuandika uongo, basi kisiandike kitu chochote, na barua hii uichome.

Naishia hapa. Nawasikia wazee wanarudi kutoka shambani, na shemeji bado anamtazama mtoto. Natakiwa kukohoa.