Nani Alitia Kufuli Muhogo Wetu?

Dabani, Busia

Kwa Msimamizi wa Jukwaa la Wakulima wa Muhogo wa Mpakani,
Bwana Paddy Maloba, Busitema.

Ndugu Msimamizi,

Nakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako, ingawa ofisi yenyewe ni simu na kiti, na wewe nilikubeba mgongoni mama yako Benedeta alipokwenda kuvuna. Umekula? Haya. Sasa sikiliza.

Mimi sikusoma. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni. Anayeandika hapa ni mke wa mwanangu, Goretti, na nimemkataza kulainisha neno lolote. Tunatumia karatasi kwa sababu mahali ulipotuambia tupeleke malalamiko ni ndani ya jukwaa, na jukwaa ndilo ninalolilalamikia.

Chama chetu kilikuwa na orodha ya barua pepe. Mtu akiandika kwa orodha, barua yake inaingia kwa simu ya kila mwanachama, kutoka Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, hadi Tororo. Goretti ananisomea tukimenya muhogo, mimi nasema jibu, yeye anaandika, linakwenda kwa wote. Hivyo ndivyo nilivyogombana miaka yote na Amondi wa Osukuru, mwanamke ambaye sijawahi kumwona uso. Yeye anasema muhogo lazima uvundikwe, ufunikwe na majani mpaka uote ukungu, ndipo uanikwe. Mimi nasema muhogo unamenywa na kuanikwa juani siku hiyo hiyo, ukiwa mweupe, kama watu wenye akili wanavyofanya. Ukaja wewe na maendeleo yako, ukaua orodha, ukatuletea jukwaa la mtandaoni. Sasa hesabu nami:

1. Barua ilikuwa inakuja nyumbani kama mgeni mwenye adabu. Jukwaa halitembei. Ni mimi niende kulichungulia kila siku, kuona kama kuna aliyesema neno. Nikichungulia kwa jirani mnasema ni umbea. Nikichungulia kwa jukwaa mnasema ni uanachama.

2. Mlangoni lilitaka neno la siri. Nikalipatia. Na kwa kuwa sina la kuficha, nikalitangaza neno hilo kanisani baada ya ibada, ili asiwepo wa kunishuku. Tangu hapo naonekana jukwaani nikiuza pikipiki.

3. Kisha likaniuliza kama mimi si mashine. Mimi, niliyezaa! Likanionyesha picha ndogo ndogo, eti nichague zenye taa za kusimamisha magari. Paddy, wewe umekulia hapa Dabani. Taa hizo ziko wapi? Nikachagua picha yenye ng'ombe, maana huku kwetu ndiye anayesimamisha magari. Jukwaa likaamua mimi ni mashine.

4. Goretti alipofaulu kuniingiza, likaniandikia: Karibu, Mwanachama Mchanga. Mchanga! Na Arthur Osinya, ambaye nilimpokea kwa mikono hii kutoka tumboni mwa mama yake na kumpiga kofi la kwanza, ameandikwa Mwanachama Mkongwe, ana nyota tano, kwa kuwa anashinda akituma vikaragosi vinavyocheka. Nataka nyota zangu. Au zake uzing'oe.

5. Umegawa mazungumzo vyumba: Muhogo, Kuku, Misiba, Mengineyo. Nani anaongea kwa vyumba? Mimi nilianza na ukungu wa Amondi, nikapitia kifo cha ng'ombe wa Luke, nikaishia kumpongeza Joan kwa mtoto. Ukanikata vipande kama mbuzi wa harusi. Kipande chenye jina langu kikatupwa Misiba, bila ng'ombe, watu wakasoma kwamba aliyekufa ni mimi. Mwanachama mwenzetu Ikwap alitoka Tororo na jogoo wa rambirambi, akalia hapa uani, mbele yangu. Nilimshukuru kwa niaba ya marehemu. Jogoo tumemla.

6. Hili ndilo linaloniuma. Hayo mengine nilikuwa nasafisha koo. Amondi aliandika kwamba muhogo usiovundikwa ni chakula cha watu wasio na subira, ndiyo maana watu wa Dabani wanatembea kama wamefukuzwa. Kabla sijajibu, wewe ukaweka picha ya kufuli na maneno Mada Imefungwa. Paddy! Unafunga ugomvi wakati mtu bado ana tonge mdomoni? Jibu ninalo. Ni zuri. Limenikaa kifuani, nalala nalo, naamka nalo, juzi nilimjibu mbuzi. Amondi atafikiri nimekubali. Na mimi sijui hata kama yeye ni mzima.

Kwenye orodha hakuna aliyeweza kufunga mdomo wa mtu. Odwori alipotuchoka aliomba aondolewe, na ombi lake likamfikia kila mtu. Sote tukamwandikia, mmoja mmoja, tukimsihi abaki, na kila barua ya kumsihi nayo ikamfikia kila mtu. Alibaki. Huo ndio umoja.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu urudishe orodha. Kama huwezi, basi jukwaa litembee: andika kila neno kwa karatasi, lipeleke kwa bodaboda nyumba kwa nyumba, ngojea jibu, kunywa chai. Hilo nalo likikushinda, wewe mwenyewe uwe orodha. Njoo hapa nikuambie jibu langu, uende hadi Osukuru umwambie Amondi kwa sauti yangu, mkono kiunoni, halafu urudi na lake. Njiani usiongeze la kwako. Ukikataa, namwambia Benedeta atie kufuli jikoni kwake, tuone utaandika kwa jukwaa gani kwamba una njaa.

Nisalimie Joan na mtoto, Luke na ng'ombe waliobaki, Odwori ambaye bado tuko naye, hata Arthur. Na wewe ule vizuri. Kwenye ile picha yako ya jukwaani umekonda, nami sikukubeba ili ukonde.

Ni mimi jaja yako, bibi yako, ninayekupenda na kukukasirikia,

Proscovia Taaka
(dole gumba langu hili hapa)

Nyongeza: Goretti alikuwa bado anatafuta bahasha, bodaboda ikamshusha mama mmoja mnene na kifuko cha unga mweusi wa muhogo uliovundikwa. Amondi! Ikwap alimwambia kwamba mimi ni mzima na nimenyamaza, na hilo la pili ndilo lililomtisha. Hata hakuketi, akaniuliza jibu lake liko wapi. Nikampa, nimesimama. Akanijibu. Nikamjibu. Alipika ugali wake, nikapika wangu, kila mmoja akaapa hatagusa wa mwenzake, na asubuhi vyungu vyote viwili vilikuwa vitupu. Anasema ataondoka; hasemi lini. Basi yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa lile la nyota. Orodha usirudishe. Kufuli usiliguse kabisa. Ukilifungua, huyu mama atarudi kwao anijibu kwa simu, na bado hatujaanza kugombana juu ya simsim.