Shavu la Kushoto Limeninyima Shikamoo

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Urembo,

Naandika nikiwa na afya njema, isipokuwa usoni, na huko usoni ndiko lilipo shauri lenyewe.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani. Kwa miaka thelathini na miwili nilipita sokoni na sanduku la mawe ya kupimia, na wauza nyama walikuwa wakiniona kwa mbali tu wanasimama wima na kutoa vidole kwenye mizani. Siku hizi hakuna anayesimama. Kilichonibakia ni shikamoo, basi. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma, kwa sababu shikamoo hiyo gazeti lako limeninyang'anya, tena nusu nzima.

Chanzo ni makala yenu kuhusu tona, yale maji ya kupaka baada ya kunawa uso. Mke wangu aliikata kwa mkasi akaibandika juu ya sinki, na baada ya wiki chache akaanza kung'aa. Niliogopa, Ndugu Mhariri. Mtu uliyezeeka naye akianza kurudi alikotoka peke yake, wewe unabaki na nani? Malalamiko yangu ni haya:

1. Konokono. Mmeandika kwamba ute wake unafuta makunyanzi. Nilimtoa mmoja kwenye mchicha, nikamweka juu ya kisahani na kumkagua kwa miwani ya kusomea. Ana makunyanzi kuanzia shingoni mpaka mkiani. Ute ni wake, wa bure, anautembelea mchana kutwa; mbona yeye haujamsaidia? Nilimpelekea mke wangu ushahidi huo pamoja na kisahani chake. Akanijibu kwamba mganga hajigangi, kisha akanikataza kuwatupa konokono ng'ambo ya ukuta wa jirani kama nilivyozoea.

2. Sumu ya nyuki. Nayo mmeisifu. Mwaka fulani nyuki walijenga ndani ya mizani ya kupimia magunia, nami nikaifungua kwa mujibu wa sheria. Ni kweli kwamba kwa siku tatu sikuwa na kunyanzi hata moja. Macho pia sikuwa nayo. Hakuna aliyenisifia ngozi.

3. Maji ya mchele yaliyochacha. Kwa upande wa ngozi sina la kupinga, kwa sababu mimi niliyanywa. Yalikuwa kwenye jagi, ndani ya friji, bila maandishi yoyote.

4. Kukosekana kwa kipimo. Makala nzima mnarudia "ngozi laini zaidi". Zaidi ya nini? Mizani ina sahani mbili, na kitu hakipimwi ila kwa kuwekewa kingine upande wa pili. Kwa hiyo niliamua kuifanya kazi yenu. Kila asubuhi, mke wangu akiwa nje anaanika nguo, nilichovya pamba kwenye chupa yake ya tona ya konokono na kupaka shavu la kushoto tu. La kulia nililiacha kama lilivyo, liwe shahidi. Nilifanya hivyo kwa wiki sita bila kumwambia, maana mkaguzi hatoi taarifa kabla ya ukaguzi. La kushoto likawa laini, hilo nimelipima kwa kidole.

5. Matokeo. Hapa ndipo maji yalipozidi unga. Kila siku nakwenda kununua gazeti lenu nikiambaa ukuta wa shule. Nikienda, shavu la kulia ndilo linaloelekea barabarani, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye ni rika la kitinda mimba wangu, ananiambia, "Shikamoo, mzee." Naitika vizuri. Nikirudi kwa ukuta uleule, sasa la kushoto ndilo linalomwelekea, na fundi huyohuyo, uzi mdomoni, ananiambia, "Umesharudi?" Umesharudi, Ndugu Mhariri, kama vile tulicheza naye gololi. Nimehakikisha kwa siku kumi na mbili mfululizo na jibu halikubadilika.

6. Uhakiki wa wastaafu. Karani alitazama picha kwenye jalada langu, akanitazama mimi, akaitazama tena picha, akasema huyu na huyu hawafanani. Nikamgeuzia shavu la kulia. Akaniomba nirudi siku nyingine na mtu anayenifahamu. Kwa hiyo hivi sasa serikali haina hakika kama mimi ni mimi, na sababu ni konokono.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mchape kwa herufi nene kwamba mwenye kutumia tona apake pande zote mbili au asipake kabisa. Pili, mnitajie kiungo kinachorudisha makunyanzi. Kama yupo mdudu wa kuyafuta, hakosekani wa kuyaandika. Niko tayari kwa mdudu yeyote, ila nyuki.

Nisalimie wapiga chapa, wasahihishaji, binti aliyeandika makala ile, na konokono wote mnaofanya nao kazi.

Ni mimi, ninayesubiri jibu kwa mashavu yote mawili,

Mzee Ratili
(ndivyo walivyoniita wauza nyama, kwa kile kipimo cha zamani)

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii nilipomwomba bahasha. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema aligundua tangu siku ya tatu kwamba chupa inapungua, akaihamishia tona yake kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na ile ya mwanzo akaijaza maji ya bomba. Wiki zote hizo nilikuwa nanawa tu. Picha ya kwenye jalada ilipigwa siku niliyoajiriwa, kwa hiyo karani alikuwa na haki yake. Kuhusu fundi viatu ameniuliza, "Shikamoo si alikwisha kukupa ulipokuwa unakwenda? Ulitaka nyingine ya kurudia?" Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nikamuuliza, basi shavu langu la kushoto limelainishwa na nini? Akasema limekuwa hivyo miaka yote. Yeye ndiye anayekaa upande huo mezani na analijua kuliko mimi. Kisha akaleta chupa ya kikohozi na pamba, akaniambia nimgeuzie la kulia.

Barua hii msiichape. Mniarifu tu kama tona hiyo ya konokono inapatikana kwenye chupa kubwa, ya watu wawili.