Kitabu Nilichokifungia Kufuli

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata! Nilikuwa nasugua sufuria, wazo likanijia, nikaiacha kwenye maji. Bado imo.

Tabitha, binti yangu wa miaka kumi na mitano, ninayemfundisha fasihi, uandishi na historia hapa mezani jikoni, hataki kukigusa kitabu changu cha vita vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani. Kurasa mia saba! Utamu mtupu! Eti kinamletea usingizi. Na Jumamosi familia zote mjini zinazosomesha watoto nyumbani zinakutana kanisani, kila kijana asimame aeleze historia aliyoisoma, na mshindi atangazwe. Mke wangu Lorna, anayemfundisha hesabu bila taabu yoyote, ametoa tamko: Tabitha akisimama bila la kusema, Agosti anapanda basi la manjano kwenda shule kama wenzake.

Basi la manjano! Mimi nibaki na nani? Mbwa?

Dawa ni marufuku. Vijana hupenda kilichokatazwa. Wakati wa chakula nimetangaza kwamba kitabu kile hakimfai na asithubutu kukigusa, kisha nikakitia kwenye sanduku la zana, nikapiga kufuli. Tabitha akasema sawa, Baba, akaomba maharage zaidi.

Anajifanya tu. Nimemwona macho yalivyomtoka.

Jumanne, 13 Mei

Asubuhi niliusahau ufunguo (makusudi!) karibu na bakuli lake la uji. Akaniletea mbio hadi gereji. "Baba, utaupoteza huu, nawe kwa kusahau hujambo."

Dukani nikakutana na Darlene Voss. Mwanawe Ezra ameshika kichwani marais wote wa Marekani, kwenda na kurudi. Akauliza Tabitha anaandaa nini. Nikasema ni siri. Akasema hata mwaka jana ilikuwa siri. Mwanamke huyu! Mwaka jana tulioka biskuti ngumu za askari wa zamani, mchungaji akavunjika jino. Ilikuwa ajali tu.

Jumatano, 14 Mei

Nimejifungia gereji nikasoma kitabu kwa sauti, nikipiga kelele "Mungu wangu!" kila ukurasa. Mlango ukafunguka. Tabitha! Nikakaribia kuzimia kwa furaha. Aliuliza kama naumwa.

Halafu akauliza kama kuna watu wengine duniani waliowahi kukataza vitabu. Nikamwambia asinitoe kwenye mada. Akaomba nimpeleke maktaba. Aha! Anakwenda kukitafuta huko kwa siri! Nikaendesha huku naimba. Akatoka na vitabu tele mikononi, changu hakimo. Nimevunjika moyo kabisa.

Ijumaa, 16 Mei

Lorna amepiga simu shuleni kuulizia nafasi. Maji yamenifika shingoni. Nikakichukua kitabu, nikakisukumiza chini ya mto wa Tabitha.

Akashuka nacho, amekishika kwa ncha za vidole. "Baba, kuna mtu ameniwekea kitu cha marufuku kitandani. Tumsake!"

Jumamosi, 17 Mei

Ezra ametaja marais, kwenda na kurudi. Darlene alianza kupiga makofi kabla hajamaliza.

Kisha Tabitha, mikono mitupu, hana hata karatasi.

Akazungumzia watu waliokataza wenzao kusoma. Wafalme waliochoma vitabu. Mabwana wa Kusini waliowachapa watumwa kwa kujifunza herufi, na watumwa waliojifunza hivyohivyo, kwa siri, huku wakijua watakachofanywa. Akasema anayekataza huwa anaogopa kupoteza kitu. Akasema hata jikoni kwao yupo mtawala mmoja mdogo, mwenye soksi zisizofanana, anayefungia kitabu kwa kufuli kisha anauacha ufunguo karibu na bakuli la uji.

"Huyu ni mtawala mpole," akasema. "Anachoogopa ni basi la manjano tu."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikalia, mbele ya Darlene Voss. Nampenda mtoto huyu jamani.

Ameshinda! Lorna kasema basi limefutwa. Darlene kasema Ezra alikuwa na mafua.

Jumapili, 18 Mei

Ushahidi umepatikana: marufuku inafanya kazi! Nimemuuliza Tabitha kama sasa atakisoma kitabu changu. Kasema hapana, si amekatazwa? Mjanja. Atakuwa ameshafika katikati.

Lorna ameniweka chini: "Wendell, sikia. Hakuna mpango mwingine hapa nyumbani. Umenisikia?" Akachukua karatasi na kalamu zangu zote, akazifungia kwenye sanduku la zana. Ajabu ni kwamba tangu anikataze, mawazo yananimiminikia kuliko siku zote.

Nilipoketi kunywa kahawa, nikauona ufunguo karibu na kikombe changu. Tabitha alikuwa anakula uji, ameangalia dari.

Sikuupeleka kwa Lorna. Niko gereji, kufuli li wazi, na mpango wa mwaka ujao ni mtamu ajabu.